Jibu Lisilo Ndiyo Wala Hapana

Nilipowaambia wenzangu wa fleti kwamba nimekubaliwa kufanya mwaka wa heshima chuoni, walidhani ni ile shahada ambayo wanasiasa huvishwa bila kukaa darasani hata siku moja. Sote tulikuwa wauguzi, tukiishi pamoja Fereej Bin Mahmoud, mtaa mmoja wa Doha, juu ya duka la fundi wa kushona abaya, na harufu ya pasi yake ilipanda ngazi mpaka jikoni kwetu. Mmoja wao, muuguzi wa watoto, mzaliwa wa Meru, alisimama na mwiko mkononi akaniangalia.

"Kwa hivyo tuanze kukuita daktari leo, ama tungoje ulete joho?"

"Ngojeni nisome kwanza."

"Kusoma tena? Mama, wenzako umri huu wanafuga kuku."

Nikawaeleza. Shahada ya kwanza nilikuwa nayo tayari. Huu ulikuwa mwaka mmoja wa ziada, ambamo mwanafunzi wa sayansi za afya hufuata swali moja la utafiti chini ya msimamizi mmoja, na mwisho wake huandika tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Ukifaulu, shahada yako huandikwa kwamba ni ya heshima. Ukishindwa, unarudi ulikotoka. Kwangu mimi hapakuwa na nafasi ya kurudia, kwa sababu hospitali iliniruhusu kupunguza zamu kwa mwaka huo tu, na msimamizi wa wauguzi aliniambia wazi kwamba hataomba ruhusa ya pili kwa ajili yangu. Sikumlaumu. Wodi ilikuwa na upungufu wa watu, na yeye alikuwa ameshanitendea wema.

Swali langu nililipata wodini. Nilifika Doha katikati ya miaka ya 2000 na kuwekwa wodi ya magonjwa ya ndani. Kila alipolazwa mtu wa Afrika Mashariki asiyejiweza kwa Kiingereza wala Kiarabu, niliitwa nikawe mkalimani. Wengi walikuwa walinzi, madereva, watu wa hoteli na wa kazi za nyumbani. Baadhi yao walifika upande mmoja wa mwili ukiwa umelegea kwa sababu ya presha. Daktari alikuwa akiniuliza, "Alijua kwamba ana presha?" Nami nilimuuliza mgonjwa, na majibu yalikuwa ya ajabu. Mwingine alinitazama kama niliyemtukana. Mwingine alitabasamu na kusema Mungu ni mwema. Nilirudi kwenye fleti nikiwa na hamu ya kujua. Watu wetu huku wanajua nini kuhusu presha yao, na wakishajua wanafanya nini?

Hamu hiyo ilikuwa ngeni kwangu kidogo. Baba yangu alikuwa katekista, na kabla ya uuguzi mimi mwenyewe nilisoma chuo cha theolojia. Baadaye kanisa likanifanya mzee wa kanisa. Kote huko nimezoea watu waje na maswali na mimi nitafute la kuwajibu. Kukaa mbele ya mtu bila kuwa na jibu lolote mfukoni, nikitaka yeye ndiye aniambie, lilikuwa zoezi jipya, na nilimshukuru Mungu kwamba alinipa nikiwa bado na nguvu za kupanda ngazi.

Msimamizi wangu alikuwa profesa wa Kimisri, mwanamke mwenye umri kama wangu, aliyekuwa na desturi ya kumenya mbegu za alizeti kwa meno huku akisoma kazi ya mwanafunzi. Ukisikia meno yamesimama, ujue amekutana na kosa. Siku ya kwanza aliniuliza swali langu ni lipi. Nikamweleza habari za wodi, za walinzi, za joto, za chumvi katika chakula cha kambi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni hotuba nzuri," akasema. "Swali liko wapi?"

Ilinichukua wiki kadhaa kulipata, na kila nilipolileta alilikata likawa fupi zaidi. Kisha kamati ya maadili ya utafiti nayo ikakata. Ilinikataza kupima presha ya mtu yeyote, kwa sababu nikimkuta mtu iko juu nitakuwa nimemchukua kama mgonjwa wangu, na mimi nilikuwa mwanafunzi. Mikono yangu iliyozoea kufunga mkanda wa kupimia ilibaki bure. Nilibaki na maneno tu. Ningeuliza, ningerekodi sauti, na mtu mwingine angesikiliza na kutafsiri kwa Kiingereza. Profesa alisisitiza sana jambo hilo la mtu mwingine.

"Aliyeuliza asitafsiri," alisema. "Atatafsiri alichotamani kusikia."

Akapatikana mtafsiri, bwana mmoja wa makamo kutoka Mombasa, Mwislamu, mkalimani wa ofisi ya mizigo, aliyekijua Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza vizuri kuliko mimi.

Mahojiano mengi niliyafanya Abu Hamour, kwenye eneo la makanisa. Ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa Ijumaa, maana ndiyo siku ya mapumziko huku, na tulikuwa tumeshazoea kuiita Jumapili yetu bila mtu kucheka. Watu wa madhehebu yote walikusanyika pale pamoja, sisi wa kuimba tumekaa na wale wa kuruka, kwa sababu chumba kilikuwa kimoja na saa zetu zilikuwa chache kabla Wafilipino hawajaingia. Baada ya ibada nilipewa stoo ya kuwekea viti na vinanda. Humo nikaweka kinasa sauti changu juu ya spika na kuanza kazi.

Wa kwanza alikuwa mlinzi wa duka kubwa, Mkenya wa Nairobi, mrefu, mcheshi. Nilimsomea karatasi ya ridhaa neno kwa neno.

"Mathe, hii sahihi haifiki kwa kampuni?"

"Haifiki."

"Na kwa bibi yangu kule nyumbani?"

"Hata kwake."

"Basi leta kalamu. Kampuni sikuwa naiogopa sana."

Tukacheka, nikaanza. Swali la kwanza, ambalo utafiti wote uliegemea, lilikuwa hili: Je, una shinikizo la damu, yaani presha?

Kicheko kikatoweka usoni mwake. "Presha? Hiyo nakataa."

Nilikuwa nimefundishwa nisibishane na jibu. Nikaendelea na swali la pili, la chakula.

Baada yake akaingia Mganda, mlinzi pia, aliyeniomba msamaha kabla hajakaa. "Mama, Kiswahili yangu ni ya barabara. Usinichape." Nilimwambia sina fimbo. Nilipomuuliza kuhusu presha alisema, "Hiyo iende kwa maadui." Nikaendelea na chakula.

Walikuwapo pia wasioweza kufika Abu Hamour. Dada mmoja, mlezi wa watoto katika nyumba moja ya The Pearl, mtaa wa matajiri ufukweni, alikuwa hapati ofu ya Ijumaa, akaniomba nimfuate huko. Nilimkuta kwenye benchi karibu na maji, boti nyeupe za watu zimepangwa mbele yetu, mtoto wa madam wake amelala kwenye kigari. Alikuwa mwanamke wa Kakamega, mnene wa wastani, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Nikauliza swali langu.

"Presha?" Akanyoosha kiganja kama anayesimamisha gari. "Ishindwe kwa jina la Yesu. Nakataa, mama. Siipokei."

"Amina," nikasema.

Lilinitoka lenyewe. Mtu akiomba mbele yangu naitikia. Nimeitikia hivyo tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Sikuona kwamba nimefanya jambo lolote. Nikauliza habari ya chumvi.

Ilipita miezi. Nilikusanya, nikatuma rekodi kwa mtafsiri, naye akawa anampelekea profesa tafsiri moja kwa moja kama kanuni ilivyotaka. Siku moja profesa akaniita. Nilipoingia, bakuli la mbegu lilikuwa pembeni na hakuwa anamenya.

"Kaa," akasema. "Nieleze kitu. Nusu ya watu wako wamekataa kujibu swali la kwanza."

Nikamwambia hapana, wote wamejibu.

Akageuza kompyuta yake nione. Mtafsiri alikuwa ameandika kwa uangalifu mkubwa. Mhojiwa anakataa. Mhojiwa anakataa. Mhojiwa anakataa, anataja dini. Akateremsha mpaka yule dada wa The Pearl. Mhojiwa anakataa kwa jina la Yesu. Mhoji: Amina.

"Wanakukatalia," profesa akasema, "na wewe unawabariki."

Nilianza kucheka, nikaona yeye hacheki, nikavuta kompyuta karibu nisome tena.

Jioni ile nilikwenda kumwona mtafsiri. Tulikutana kwenye kafteria karibu na ofisi yake, akaagiza karak, chai nzito ya maziwa na iliki, kwa ajili yetu wote wawili. Alikuwa mtu mwenye adabu nyingi na aliumia kidogo kwamba kazi yake imetiliwa shaka.

"Mama, mimi niliandika nilichosikia. Mtu akisema nakataa, nami niandike amekubali?"

"Hakunikatalia mimi."

"Alimkatalia nani?"

"Aliukatalia ugonjwa."

Akaweka kikombe chini polepole. "Kwani ugonjwa ulikuja kumposa?"

Hapo tulicheka wote. Nikamweleza jinsi katika makanisa mengi ya kwetu mtu hataki kuukiri ugonjwa kwa kinywa chake, kwa imani kwamba ukikiri unaukaribisha, na kwamba neno nakataa pale si jibu kwa muulizaji, ni sala. Alisikiliza kwa makini. Akasema kwao mtu angejibu alhamdulillahi, na hapo pia mtafsiri asingejua kama mtu huyo anaumwa au haumwi. Alikubali kuandika upya. Kisha akauliza lile ambalo mimi sikuwa nimejiuliza.

"Sasa niandike nini? Ndiyo, au hapana?"

Nilimwambia aache nafasi wazi kwanza.

Profesa aliuliza vilevile kesho yake. "Nimeelewa. Si kukataa kujibu. Basi ni hapana?"

"Si lazima iwe hapana."

"Ni ndiyo?"

"Huenda."

"Huenda siwezi kuihesabu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama daktari anayemweleza ndugu wa mgonjwa. Akaniambia swali la kwanza limeharibika, na kwa kuwa mengine yote yameegemea pale, ninaweza kulitoa na kubaki na habari za chakula na usingizi. Ingekuwa kazi ndogo. Watahini wangeuliza utafiti wenyewe uko wapi, na yeye asingeweza kuniahidi kwamba wangenipitisha. Muda wa kutafuta watu wapya haukuwapo. Kalenda ya wodi ilikuwa imeshatoka na jina langu lilikuwa limerudishwa kwenye zamu kamili mara mwaka wangu utakapokwisha.

Niliondoka pale nikatembea badala ya kupanda basi, ingawa jua lilikuwa kali. Niliomba nikitembea. Sikupata maono wala sauti. Kilichonijia kilikuwa udadisi tu, ule ule wa wodini, umerudi na nguvu zaidi. Je, wale watu walikuwa na presha au hawakuwa nayo? Nilikuwa nimekaa nao uso kwa uso, nimesikia sauti zao, nimekunywa maji yao, na sikujua. Nilikuwa nasikia neno hilo nakataa kila juma tangu nilipokuja Doha na sikuwahi kulichunguza, kama mtu asivyochunguza kitasa cha mlango wake mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata sikufanya mahojiano. Nilikaa kiti cha nyuma kama muumini mwingine. Ulipofika wakati wa shuhuda akasimama mama mmoja, mtandika vitanda wa hoteli, ambaye hakuwa katika utafiti wangu. Akasema, "Bwana asifiwe." Tukaitikia. Akaanza.

Alisimulia jinsi kichwa kilivyomgonga akiwa kazini, jinsi alivyopelekwa kliniki, jinsi muuguzi alivyofunga mkanda mara ya pili kwa sababu hakuamini mashine. Akataja namba zote mbili, ya juu na ya chini, bila kuombwa. Akataja jina la tembe. Akaeleza kwamba daktari alimwonya asiache kumeza hata akijisikia vizuri. "Nikasema, daktari, hiyo presha nakataa," akatuambia, "nikapokea dawa, nikameza, nameza mpaka leo, na Mungu amenisimamisha mbele yenu." Watu wakapiga makofi. Mimi nilisahau kupiga.

Katika dakika zile chache alikuwa ametoa habari nyingi kuliko nilizozipata stoo kwa miezi. Tena alizitoa kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wote. Hakuwa anaficha kitu. Na neno langu lilikuwamo, katikati kabisa, likiwa limekaa kwa raha kati ya daktari na dawa.

Nilirudi kwenye fleti nikaketi mezani na kuliangalia swali langu upya. Una presha? Kiswahili hakina kitenzi kimoja kama have ya Waingereza. Sisi tunasema nina, maana yake niko pamoja na. Nina mtoto. Nina nyumba. Nina presha. Kumwambia mtu aseme nina presha ni kumwambia akae nayo kiti kimoja, na muumini yule hataki hata kusimama nayo foleni moja. Wakati wa ushuhuda hakuna aliyemtaka yule mama aseme nina. Alisema niliambiwa. Alisema nikafanya. Maneno ya daktari ni ya daktari, na kuyarudia si kuyakiri.

Yule muuguzi wa Meru alinikuta nikiongea peke yangu. "Unahubiria nani?"

"Ukiulizwa una presha, utasema nini?"

"Nitasema ishindwe."

"Na ukiulizwa ulipopimwa uliambiwaje?"

Akafikiri. "Niliambiwa nipunguze chumvi na hasira. Chumvi nimepunguza."

Nikamwendea profesa na swali jipya. Lilikuwa limekaa hivi: Nisimulie, kuna mhudumu wa afya aliyewahi kukupima presha? Alikuambia nini? Wewe ukafanya nini baada ya hapo? Nikamwomba ruhusa niwarudie walewale niliowahoji. Alimenya mbegu moja, akamenya ya pili.

"Mama yangu, kule Aleksandria," akasema, "ukimuuliza kama anaumwa, anasema alhamdulillahi. Ukimuuliza daktari kasemaje, huondoki mpaka chakula cha jioni." Akasaini.

Kamati ya maadili ilibidi iidhinishe mabadiliko, na ilikuwa Ramadhani, ofisi zilikuwa zikifungwa mapema. Nilisubiri. Kusubiri sikukuona kuwa vigumu. Nimewahi kusubiri mambo makubwa zaidi. Lakini nilijua kila siku iliyopita ilikuwa inatoka kwenye mwaka wangu, na profesa alijua pia, kwa kuwa alianza kunipigia simu kuniuliza kama nimesikia lolote. Ruhusa ilipotoka zilibaki wiki chache. Ijumaa nilirudi stoo, na siku za kati nilizunguka nikiwafuata watu makambini na mahotelini.

Nilirudi The Pearl. Dada wa Kakamega alikuwa benchi lilelile, na mtoto sasa alikuwa anatembea, kwa hivyo tulizungumza tukimfuata nyuma.

"Mama, ulisahau nini mara ile?"

"Nimekuja na swali lingine. Kuna mtu aliyewahi kukupima presha?"

"Wengi. Wa kwanza wakati wa kuja huku, wa pili kliniki."

"Huyo wa kliniki alikuambia nini?"

"Alisema iko juu. Akanipa tembe, moja kila asubuhi. Akaniambia nisikose." Akamvuta mtoto mbali na ukingo wa maji. "Wewe, huko kuna samaki wakali."

"Ukafanya nini?"

"Nikameza. Ningefanya nini?"

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, kabla ya kuwaamsha hawa."

Swali lilikuwa limekwisha, na nilipaswa kwenda kwenye linalofuata. Lakini kamati iliniruhusu kumwomba mtu afafanue jambo alilosema, nami nikamwomba. "Mara ile uliniambia unakataa."

"Nakataa."

"Na unameza."

Alisimama akanitazama kwa huruma, kama anayejiuliza nimesomea nini. "Mama, ukikuta mende jikoni kwako, utasema huyu ni wangu? Si utampiga dawa?"

Safari hii sikuitikia Amina. Nilifunga mdomo kwa nguvu, na kinasa sauti kilinasa ukimya wangu wote.

Ningependa kusema kwamba wote walikuwa kama yeye, lakini haikuwa hivyo. Yule mlinzi mcheshi wa Nairobi alinisimulia kwa ufasaha uleule kwamba aliambiwa iko juu, akapewa dawa, akameza mpaka kichwa kikaacha kumgonga, kisha akaacha. "Nikajisikia poa, mathe. Na si nilikuwa nimeikataa?" Yule Mganda hakuwa amepimwa tangu aondoke kwao. Wote niliwapa karatasi ya kuwaelekeza kliniki kama kamati ilivyoagiza, na mlinzi alipoichukua alisema ataifikiria, na kwa jinsi alivyoikunja vizuri na kuitia kwenye mfuko wa shati niliona kwamba huenda akaenda kweli.

Mtafsiri alifanya kazi usiku na mchana na safari hii hakukwama. Alinipigia simu mara moja tu. "Bi mkubwa, huyu wa mende nimtafsirije?" Nikamwambia amwache kama alivyo.

Nilipoziweka simulizi zote mezani na kuzipanga, niliona jambo ambalo sikulitarajia. Nilianza mwaka nikidhani, na profesa naye akidhani, kwamba mtu asiyetaka kusema ana presha hataki pia kuitibu. Katika watu wangu neno nakataa halikuonyesha upande wowote. Lilisemwa na wanaomeza na wasiomeza, kwa sauti ileile. Ukitaka kujua mtu yuko upande gani, unamwacha asimulie. Nikaandika hivyo, nikajaribu kuandika bila kuhubiri, na profesa alikata kurasa zile ambazo nilihubiri.

Siku ya kutetea tasnifu nilivaa gauni langu la Ijumaa. Watahini walikuwa watatu. Wawili waliniuliza habari za njia ya utafiti, na kwa nini nilibadilisha swali katikati, na nikawaeleza yote pamoja na Amina yangu, ambayo ilikuwa imechapwa kwenye kiambatisho kwa kila mtu kuiona. Mmoja akacheka kwa staha. Wa tatu alikuwa daktari wa moyo, mtu mkimya, ambaye hakuwa ameuliza chochote. Mwishoni aliinua kichwa.

"Huyu mwanamke anayekataa na kumeza," akasema. "Kule kutamka kwake kunamsaidia kumeza kila siku? Au anameza licha ya kutamka?"

Nilihisi jibu likinijia mdomoni. Nilikuwa na jibu zuri sana, la mzee wa kanisa, na lingependeza. Niliangalia kurasa zangu. Hakuna mahali nilipomuuliza dada yule jambo hilo, wala mtu mwingine yeyote.

"Sijui," nikasema. "Utafiti wangu haukuundwa kujibu hilo. Ningehitaji kuwafuata watu kwa muda mrefu, na kuwauliza kwa namna ambayo bado sijaifikiria."

Nilimwona profesa akiangalia mikono yake. Niliombwa kutoka nje, nikakaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini nikitazama mfanyakazi akisukuma mashine ya kufutia sakafu, anakwenda na kurudi. Sikuomba nifaulu. Nilimshukuru Mungu kwa mwaka, nikamwambia kwamba kama zamu kamili zinanisubiri, nitaziingia.

Waliniita. Nilikuwa nimefaulu, kwa masharti ya marekebisho madogo, na la kwanza ni kwamba maelezo yangu kuhusu neno nina, niliyokuwa nimeyaficha kwenye tanbihi kwa aibu, niyapandishe kwenye sura yenyewe. Profesa alinikumbatia. Daktari wa moyo alikusanya karatasi zake, akafika mlangoni, kisha akageuka.

"Hiyo sijui yako," akasema. "Utaifuata?"

Nilimwambia nina zamu kesho asubuhi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akaenda zake. Nilipofika kituo cha basi nilikuwa nimeshaanza kulitunga swali kichwani, jinsi ningemwuliza dada yule kuhusu asubuhi zake, tembe mkononi na neno mdomoni, kipi kinatangulia. Basi lilipofika nilikuwa nimeshaliona kosa la swali hilo, nikapanda nikiwa naanza upya.